Mwaka Tulioezeka Bila Busaa

Mimi sikusoma sana. Niliingia darasa la pili na sikulimaliza, kwa sababu mama alijifungua mapacha na lazima mtu abebe mmoja. Kiswahili nilikipata kambini, kule Kericho, kwenye mashamba ya chai ya Wazungu. Baba yangu alikuwa mchumaji, na sisi watoto tulicheza na Wajaluo na Waluhya na Wakipsigis, kila mmoja na lugha ya kwao. Walinicheka sana huko kwa sababu nilimwita mama yangu "baba". Kwa Kikisii mama ni baba, na baba ni tata. Mtoto mmoja wa Kiluhya akaniuliza, "Sasa kwenu anayenyonyesha ni nani?" Nikampiga. Lakini sikukaa kuandika hayo.

Nataka kuandika habari za paa moja. Majuzi kijana aliyesoma alitufundisha kanisani kwamba watu hubadilika wakielimishwa. Sikubishana naye, pengine ni kweli kwa mambo mengine. Mimi niliwahi kuwaona watu wakibadilika, na mafunzo hayakuwapo. Palikuwa na mwanamke mmoja tu aliyekataa jambo, na hakupiga kelele.

Niliolewa upande wa Manga, Uhuru ukiwa bado mgeni. Boma la mume wangu lilikuwa chini kidogo ya mwamba wa mlima, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Mume wangu alikuwa mtoto wa pili wa mama yake. Kaka yake mkubwa alikuwa na boma lake hapo karibu, tumetenganishwa na migomba tu. Mke wa kaka huyo nilimwita dada mkubwa, na hapa pia nitamwita hivyo. Ndiye aliyenionyesha kuchuma pareto bila kuponda ua, na ndiye aliyenifungia mtoto mgongoni mara ya kwanza nilipokuwa naogopa kumwangusha. Hakuwa mtu wa maneno. Ungeweza kushinda naye shambani siku nzima akakuambia tu, "Jembe lako limelegea."

Sasa lazima nieleze kidogo jinsi tulivyofanya kazi, kwa sababu vijana hawajui. Mtu akiwa na kazi kubwa, kulima ardhi ngumu au kujenga nyumba, aliita majirani. Hiyo tuliita risaga. Watu walikuja asubuhi na majembe, wakafanya kazi wakiimba, na jua likigeuka mwenye kazi aliwatolea busaa. Busaa ni pombe ya wimbi, inawekwa katika chungu kikubwa, inaongezwa maji ya moto, na wanaume wanakaa kuzunguka chungu na mirija yao mirefu. Bila chungu hakuna risaga. Mtu hakuuliza kama unapenda busaa au huipendi. Ilikuwa ni kama kuuliza kama unapenda mvua.

Kulikuwa na Wasabato pia, na familia yetu ilikuwa ya Wasabato, ingawa mume wangu alikuwa Msabato wa Jumamosi tu. Kanisa lilikataza pombe. Basi Wasabato wakafanyaje? Walimpelekea jirani asiye wa kanisa wimbi lao, akawapikia busaa kwake. Watu walifanya kazi kwa Msabato, halafu jioni wakahamia kwa jirani kunywa. Mwenye shamba alibaki nyumbani kwake akisoma Biblia na mikono safi. Sote tulijua. Mzee wa kanisa alijua. Ilikuwa njia nzuri, watu walisema, kwa sababu haikumuudhi Mungu wala jirani.

Kaka wa mume wangu alikufa kwa njia hiyo nzuri. Alikwenda kulima kwa Msabato mmoja, wakanywa kwa jirani yake, na jioni akirudi aliteleza kwenye kijito pale chini, ambapo maji hayafiki magotini. Walimkuta asubuhi uso ukiwa ndani ya maji. Alikuwa ametoka na fundi wa paa, mzee mmoja ambaye hakuna nyumba upande wetu ambayo hakuiezeka, na hakuna chungu ambacho hakukijua. Fundi alikuwa amemwacha njiani akisema, "Utanifuata," kisha akaenda zake. Hakukumbuka chochote asubuhi. Walipomwambia alikaa chini palepale barabarani kama mtoto.

Dada mkubwa alinyolewa nywele, akakaa matanga, watoto wake watatu wamemzunguka. Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo wakaja kuzungumza. Kwa desturi yetu mjane hakuachwa hivihivi. Ndugu wa marehemu alimchukua, watoto wakabaki wa ukoo, shamba likabaki la ukoo. Na ndugu aliyebaki alikuwa mmoja, mume wangu.

Walikaa naye kwetu, nami nilikuwa jikoni nakoroga ugali, na jiko letu lilikuwa na ukuta wa fito usioziba sauti.

"Shemeji yako yuko hapa," mzee mmoja alimwambia. "Ni kijana mwema. Huna haja ya kutafuta."

Dada mkubwa akasema, "Ni kijana mwema. Na ana mke."

"Kwani mwanamume anahesabiwa mke kama ng'ombe wa maziwa? Mmoja hamzuii mwingine."

Wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. "Mimi nitakaa katika nyumba ya baba watoto wangu," alisema. "Sitaki kurithiwa. Si kwa ubaya, wazee wangu."

Kisha mkubwa wao akatoa neno ambalo walidhani limemaliza mambo. Paa la nyumba ile lilikuwa limechakaa hata kabla ya msiba. Marehemu alikuwa ameahidi kuliezeka upya kiangazi hicho. "Basi, mama," yule mzee akasema, "kaa. Nyumba ikisimama, wewe simama. Mvua ya masika ikikuta paa liko wazi, utajengewa nyumba uani kwa shemeji yako, na maneno yatakuwa yamekwisha."

Lilionekana neno la haki. Lakini kwetu mwanamke hapandi paa. Ni mwiko mkubwa. Akipanda ni kana kwamba anawaita wanaume wa nyumba hiyo kaburini. Kwa hiyo mjane anahitaji wanaume, na wanaume wanahitaji chungu. Wazee walijua hilo, na walijua pia alichokuwa amesema kaburini, siku ya mazishi, mbele ya watu wote: kwamba busaa haitatoka tena kwa jina lake, wala kwake wala kwa jirani.

Acha niseme ukweli wangu hapa, kwa sababu mtu akisoma atadhani nilikuwa na moyo wa dhahabu. Sikuwa nao. Nilimpenda dada mkubwa kama jirani. Sikumtaka kama mke mwenza. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko, mtoto mmoja mgongoni na mwingine njiani, na mume ambaye akipewa nusu ya ugali alikuwa tayari anauliza nusu nyingine. Jioni ile nilimtazama akila nikafikiri: paa lile likivuja, litavuja juu yangu.

Dada mkubwa alianza kuita watu mwezi wa kwanza, jua likiwa kali. Alipita boma kwa boma na kusema maneno yaleyale, hata mimi niliyakariri: "Naomba mnisaidie kuezeka. Kutakuwa na uji na ugali na nyama ya mbuzi. Busaa hakuna."

"Hakuna hapa, au hakuna kabisa?" wanaume waliuliza, kwa sababu walidhani ni mchezo ule wa Wasabato.

"Hakuna kabisa."

Mmoja alimwambia, "Kwani nimetoka tohara jana ninyweshwe uji?" Mwingine akasema paa la uji litavuja uji. Wakacheka mpaka barabarani. Na kule Keumbu, siku ya soko, nilisikia wanaume nisiowajua wakisimuliana habari za mjane wa Manga anayetaka kuezeka kwa uji, kama watu wanavyosimuliana habari za ndama wa vichwa viwili.

Mama mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alimjia na shauri. "Nipe wimbi lako. Mimi nitampelekea jirani yangu. Hutaona hata moshi."

Dada mkubwa akamwambia, "Chungu kilichomuua baba watoto wangu nacho hakikuwa cha mwenye shamba."

Yule mama alilia. Alikuwa amempikisha jirani yake pombe ya namna hiyo miaka mingi. Sidhani kama aliambiwa kwa ukali. Dada mkubwa alisema hivyo kama alivyoniambia mimi habari za jembe.

Na jambo lililowasumbua watu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuacha kwenda kwa wengine. Kukiwa na risaga popote, alikuja asubuhi na jembe lake. Alilima mstari wake mpaka mwisho. Chungu kilipotolewa alisema kwaheri, akaenda nyumbani. Hakuhubiri. Hakukunja uso. Hakumwambia mwanamke yeyote kwamba mume wake atakufa. Kama angehubiri, wangemchukia na kupumzika. Lakini utamchukiaje mtu aliyekulimia? Niliwaona wanaume wakimtazama akiondoka, mrija mdomoni, na mazungumzo yakikatika kidogo kabla hayajaendelea.

Nyasi za kuezekea zilikuwa juu, karibu na ukingo wa mwamba. Siku moja nilimwona anapanda peke yake na mundu. Nikamfunga mtoto, nikamfuata. Tulikata, tukafunga mizigo kwa kamba za mgomba, tukashuka. Jua lilikuwa limetutoboa kichwa. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye migomba.

"Umebeba nyasi za nani?" akaniuliza.

"Za nyumba ya kaka yako."

"Nani alikutuma?"

"Nimejituma. Ni nyasi za nyumba ambayo sitaki ihamie kwangu."

Nilidhani atanipiga. Wanaume walipiga siku hizo, na yeye alikuwa amenipiga kwa mambo madogo kuliko hilo. Aliinua mkono akajikuna shingo. "Watu watasema mke wangu anabishana na wazee."

"Wazee walisema nyumba isimame. Mimi nasaidia neno la wazee."

Usiku huo hakula kwangu, alikula kwa mama yake. Ugali wake niliula mimi, nilikuwa na mimba na njaa.

Sisi wanawake tulikuwa na kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, egesangio, ambacho hakikuhitaji busaa. Ilikuwa leo kwako, kesho kwangu. Nilipowaambia habari za nyasi walitazama chini. Walisema hawataki kitu kati yao na waume zao. Niliwaelewa. Lakini kesho yake mmoja alitukuta juu mlimani, akasema yeye anatafuta kuni, na kwa kuwa yuko hapo basi atakata mzigo mmoja. Mwingine akasema dada mkubwa alimshikia mtoto alipougua, kwa hiyo hii si habari ya paa, ni habari ya mtoto. Mwingine alisema anataka tu kuona kama mundu wake mpya unakata. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Nakubaliana nawe kuhusu busaa." Kila mmoja alikuja na sababu yake ndogo, kama mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma. Nami je? Nilikuwa na yangu, nimeshaisema.

Lakini nyasi zilirundikana, na watu wa njiani waliziona.

Niseme kidogo kuhusu nyasi hizo, maana siku hizi ni mabati kila mahali na mvua ikinyesha huwezi kusikia mtu akikuambia samahani. Nyasi nzuri hukatwa zikiwa zimekauka lakini hazijavunjika, na harufu yake hukaa katika nguo wiki nzima. Nyumba mpya iliyoezekwa inanukia kama mkate. Hapo baadaye nimelala chini ya mabati miaka mingi, na sijawahi kuyaona yakinukia chochote.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa. Nyasi zilikuwapo, fito zilikuwapo, kamba zilikuwapo, mbuzi alikuwa amefungwa. Mwanamume hakuwapo. Dada mkubwa aliweka siku akaitangaza kama alivyoitangaza mara zote, uji, ugali, nyama, busaa hakuna. Asubuhi hiyo tulikuja wanawake. Tulikaa juu ya mizigo ya nyasi. Uji ulichemka katika sufuria kubwa, ukatoa povu, ukapoa, ukapashwa tena. Boma la pili kutoka hapo kulikuwa na chungu siku hiyohiyo. Mtu alikuwa amekiweka makusudi, na tulisikia wanaume wakicheka. Mume wangu alikuwa huko.

Jua lilipokuwa karibu katikati, mwanamke mmoja akasema polepole, "Twende nyumbani, jamani. Tumefanya yetu."

Dada mkubwa alikuwa anaitazama ngazi.

Hapo ndipo fundi wa paa alipotokea njiani. Alikuwa amevaa koti lake la siku zote, lenye kiwiko kilichotoboka, na kisu chake cha kukatia kamba kiunoni. Tulidhani amepotea njia kwenda kwenye chungu. Tukamwonyesha kwa mkono.

"Nimetoka huko," akasema. Kisha akamwambia dada mkubwa, "Mama, sijanywa leo."

Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeugua. Dada mkubwa akamletea uji katika kibuyu. Alijaribu kuunywa, na mikono yake ilitetemeka mpaka uji ukamwagika kifuani. Hakuna aliyecheka. Hatukuwa tumewahi kumwona mzee yule saa hizo bila pombe. Sikujua kwamba mwili wa mtu unaweza kudai namna ile, kama ng'ombe anayedai kukamuliwa. Alisimama nyuma ya nyumba akatapika, akarudi, akashika ngazi.

"Pumzika kwanza, tata," dada mkubwa akamwambia.

"Nilimwambia atanifuata," fundi akasema. "Nipe fito."

Alipanda. Wengi mnaosoma hamjawahi kuona mtu mzee anayetetemeka akiwa juu ya paa bovu. Tuliona miguu yake ikitafuta boriti. Alipofunga kamba ya kwanza ilifunguka. Akaifunga tena ikafunguka. Tulimrushia nyasi kutoka chini, akazidaka nyingine na nyingine zikamponyoka, na kila mara alipoinama mtoto wa dada mkubwa alishika gauni langu kwa nguvu.

Habari ilifika kwenye chungu haraka. Kama angepanda mzee wa kanisa, wangesema, "Hao ni hao." Lakini huyu alikuwa wao. Alikuwa amewafundisha wengine kunywa. Kwanza walikuja vijana wawili, mirija bado mkononi, kuangalia kichekesho. Wakasimama. Kisha mtu mzima mmoja akaja akasema kwa ukali, "Huyu mzee ataanguka," na akapanda upande wa pili bila kuuliza kuna nini cha kunywa. Mwingine akafuata akisema yeye hafanyi kazi, anamsaidia tu rafiki yake ashuke salama. Hakushuka.

Mume wangu alikuja wa mwisho. Alisimama pale kwenye migomba, pale aliponikuta na nyasi. Niliona anavyoitazama nyumba ya kaka yake, na mzee yule juu yake. Nilijua anachofikiria, au nilidhani najua. Paa lile likikamilika, neno la wazee lingekuwa limekwisha, na yeye ndiye angekuwa ameachwa. Angeweza kurudi. Hakuna ambaye angemlaumu, chungu kilikuwa bado na joto.

Fundi akamwona kutoka juu. "Wewe mtoto," akaita. "Mguu wangu umekufa ganzi. Njoo unishike, ama niangukie watoto wa kaka yako."

Mume wangu alivua koti. Alipanda ngazi haraka kama mtu anayeogopa kubadilisha mawazo, akamshika mzee kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaanza kufunga. Walifanya kazi hivyo, mmoja ameshikwa na mwingine, mpaka kileleni. Sikuwa nimewahi kumpenda sana mpaka siku hiyo. Nalisema kwa sababu ameshakufa na haliwezi kumharibu.

Walikula nyama. Wakanywa uji, wakiwa na aibu kidogo, wakitaniana, "Leo umetahiriwa upya," "Pole, jeraha litapona." Mvua ilinyesha jioni hiyohiyo? Hapana, hiyo ingekuwa hadithi. Ilikuja baada ya siku kadhaa, mvua kubwa ya Manga yenye mawe. Tulisimama mlangoni kwetu na mume wangu tukitazama nyumba ile nyingine kupitia migomba. Moshi ulipenya katika nyasi mpya, taratibu, ukionyesha kwamba ndani moto unawaka na ni pakavu.

"Sikumtaka kama mke," akaniambia. "Niliona tu kama nyumba ile ikibomoka, kaka atakuwa hakuwahi kuwepo."

"Sasa ipo," nikasema.

"Ndiyo. Ipo."

Wazee walitimiza neno lao. Hawakurudi tena kuzungumza habari za kurithi, na dada mkubwa alikaa kwake, akalima pareto, baadaye chai, akasomesha watoto kadiri alivyoweza.

Mtu asidhani siku hiyo busaa iliisha. Msimu uliofuata vyungu vilikuwa palepale, na wale waliopanda paa walikuwa wamekaa kuvizunguka. Fundi alirudia kunywa pia, na pombe ndiyo iliyomuua. Lakini tangu siku ile hakupokea pombe kama malipo ya paa. Aliezeka, akala ugali, akaenda kunywa kwingine kwa pesa yake. Watu wakamwiga, kwa sababu fundi ni fundi. Mwanamke mmoja alijaribu risaga ya uji, akaona waliokuja ni wachache lakini mistari yao imenyooka. Mwingine akajaribu kwa chai na mahindi ya kuchemsha. Halafu wanaume wenyewe wakaanza kusema kwamba wimbi limepanda bei, ni hasara kulichachusha. Kufikia miaka ile ya sabini, barabara za chai zilipokuwa zimefika mpaka kwetu, kijana aliyeita watu kwa busaa alionekana mshamba. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuja mahali pake, na ni mbaya zaidi, lakini hainywewi katika kazi. Kila jambo zuri huku kwetu huja na mdogo wake.

Siku moja katika miaka hiyo kulikuwa na mjane mwingine, bomani kule chini karibu na kijito. Wazee walikutana, na mume wangu sasa alikuwa mmoja wao, ana fimbo na kofia. Mimi na dada mkubwa tulikuwa tumepeleka chakula, tukasimama nje. Wakaanza maneno yaleyale, shemeji yuko, ni kijana mwema. Mume wangu akakohoa.

"Kabla ya hayo," akasema, "tumuulize yeye anataka nini. Hiyo ndiyo desturi nzuri. Mimi nimefikiri hivyo siku nyingi."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema ni kweli, hata babu zetu walikuwa wakiuliza. Babu zetu! Nilitaka kuingia ndani niwaambie babu zetu gani. Nilimgeukia dada mkubwa, nikamwona anatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Unamsikia?" nikamnong'oneza. "Anasema amefikiri yeye."

"Mwache."

"Kwani humwambii?"

"Nikimwambia ni langu, atanirudishia," akasema. "Likiwa lake, atalilinda."

Mjane yule aliulizwa, akasema anataka kukaa kwake. Akakaa. Hakujua kwamba mtu alisimama nje ya mlango ule mikono ikiwa na bakuli tupu, na hata angejua asingeelewa kwa nini.

Dada mkubwa tulimzika miaka mingi baadaye, kando ya nyumba yake mwenyewe, kushoto kwa mlango kama ilivyo kwa wanawake. Watu walisema mengi mazuri: alikuwa mkimya, alikuwa mchapakazi, alipenda kanisa. Waliochimba kaburi walikunywa chai yenye maziwa, wakala mkate, wakanawa mikono. Hakuna aliyetaja paa. Tuliokuwa hapo siku ile tulibaki wachache na wengine hawakukumbuka. Pengine yeye alikuwa sawa, na jambo likishakuwa la kila mtu si lazima liwe la mtu mmoja. Mimi sina roho kubwa hivyo. Lilikuwa lake, na nililiona likianza.